Matunzo ya nyuma: deni ambalo hakimu hakuliandika

Wazazi walioachana wakifikishana mahakamani nchini Kanada, mambo mawili huchanganywa sana. Malimbikizo ni fedha za mtoto ambazo mahakama ilishaamuru zitolewe na hazikutolewa. Matunzo ya nyuma ni kitu kingine: ni fedha za miaka iliyopita ambazo wakati huo hakuna hakimu aliyeziamuru, au aliamuru pungufu ya kile ambacho kipato halisi cha mzazi kingedai.

Tuseme baba alipangiwa dola 600 kwa mwezi. Akapanda cheo, na kwa mshahara mpya alipaswa kutoa 900. Akanyamaza, akaendelea na 600 zilezile. Miaka minne ikipita, pengo ni dola 14,400. Huyu hana malimbikizo hata senti moja, lakini anaweza kudaiwa matunzo ya nyuma.

Naye atauliza: nimetoa kila nilichoamriwa, deni limetoka wapi? Swali hilo lilijibiwa mwaka 2006, Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamua kwa pamoja rufaa nne kutoka Alberta. Tangu Mei 1997 miongozo ya shirikisho ina majedwali: unatazama kipato cha mlipaji kwa mwaka na idadi ya watoto, unapata kiasi. Wajibu basi hupanda pamoja na kipato, na haki yenyewe ni ya mtoto. Mama hawezi kuisamehe kwa niaba yake.

Lakini mahakama hairudi nyuma bila kikomo, maana mlipaji naye alipanga maisha yake kwa kutegemea amri iliyopo. Majaji hutazama kwa nini mdai alichelewa, mlipaji alikuwa na hila gani, mtoto aliishi na anaishi vipi, na kama malipo hayo yatamwangusha mtu kabisa. Kwa kawaida hesabu huanzia siku mzazi anayelea alipomgusia mwenzake kwamba fedha ziongezwe. Barua ya wakili si lazima. Kusema tu kunatosha, ingawa ujumbe wa simu uliohifadhiwa huokoa ubishi mwingi. Hata hivyo, mara nyingi hairudi zaidi ya miaka mitatu kabla ya mlipaji kupewa taarifa rasmi.

Kinachovunja ukomo huo ni kuficha kipato. Aliyeficha anaweza kurudishwa hadi siku mshahara wake ulipobadilika, na naona ni sawa kabisa. Mama atadai vipi nyongeza ya mshahara asioujua?

Suala la kuchelewa ndilo lililowaumiza wanawake wengi. Mtu hana fedha ya wakili, anamwogopa mwenzake aliyekuwa akimpiga, au anahofia kwamba akidai, mtoto atakosa hata kumwona baba. Halafu anaambiwa alikaa kimya mno. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ililegeza msimamo katika kesi ya British Columbia. Baba alikuwa ametaja kipato pungufu kwa miaka; mama, mwenye ulemavu, aliishi kwa msaada wa serikali, na binti alikulia katika dhiki. Dai lilipofika mahakamani binti alishakuwa mtu mzima, na baba akashikilia kwamba muda umepita. Majaji walikataa: alipe dola 23,000.

Mlipaji naye anaweza kuomba hesabu irekebishwe kwenda chini, kwa mfano alipoteza kazi na amri ikabaki na kiasi cha zamani. Ila kusema "sina" hakutoshi. Mwaka 2021 baba mmoja wa Ontario aliomba apunguziwe malimbikizo ya takribani dola 170,000 akakataliwa, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwa ameonyesha nyaraka za kutosha za kipato chake.