Uzamili na uzamivu katika insia: tafuta vyanzo kabla ya kuomba nafasi

Kila msimu wa udahili, meza za idara za insia, yaani taaluma kama historia, lugha na falsafa, hujaa maombi yanayofanana kama mapacha. "Nafasi ya fasihi katika jamii." "Mchango wa wanawake katika historia." "Athari za utandawazi kwa utamaduni." Walioyaandika ni watu makini, wengi wana alama nzuri, na bado maombi yao hurudishwa. Mada zenyewe hazina ubaya. Ubaya ni kwamba hakuna anayeweza kuzimaliza kwa miaka miwili, wala kwa kumi, na katika andiko zima haionekani mtafiti atafungua nini asubuhi ya siku yake ya kwanza kazini.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwombaji huwa hilo: utafungua nini? Barua za nani, magazeti ya miaka ipi, kaseti zilizohifadhiwa wapi, mazungumzo na watu gani? Historia, isimu, fasihi, falsafa, akiolojia, taaluma za dini na sanaa za maonyesho zina mbinu tofauti, lakini zote zinaishi kwa vyanzo. Mwenye chanzo kizuri na swali dogo atafika mbali kuliko mwenye mada kubwa na shauku tupu.

Tuseme umekutana na jalada la kesi ya ardhi ya miaka ya 1930 katika nyaraka za taifa la nchi iliyotawaliwa na wakoloni. Ndani mna madai, ushahidi, ramani iliyochorwa kwa mkono na hukumu. Mwanahistoria atataka kujua nani alikuwa anapata ardhi wakati huo na nani alikuwa anaipoteza. Mwanaisimu atagundua kwamba shahidi alizungumza kwa lugha yake, mkalimani akaigeuza, karani akaandika kwa lugha ya serikali. Maneno "ya shahidi" tunayoyasoma leo yamepita midomo miwili na kalamu moja. Mtu wa fasihi ataona jinsi shahidi anavyoanza na habari za babu yake, na jinsi hakimu anavyomkatiza akitaka tarehe. Mwanafalsafa naye atauliza kwa nini karatasi yenye mhuri ilihesabiwa kuwa ushahidi mzito kuliko kiapo cha mzee. Jalada ni lilelile, na kila mmoja ametoka na tasnifu yake.

Halafu angalia asiyekuwemo. Huenda waliolima shamba hilo walikuwa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyeitwa mahakamani. Pengo la namna hiyo ndilo linalomtoa mtafiti chumba cha nyaraka na kumpeleka kwa wazee wenye kumbukumbu za familia. Wapo wanaodhani hiyo ni kazi ya daraja la pili, eti masimulizi hayaaminiki. Jan Vansina, mwanahistoria wa Ubelgiji, alikwishajibu hoja hiyo mwaka 1961 alipochapisha mbinu za kuyapima masimulizi ya mdomo kwa ukali uleule wa kupimia hati. Hati nayo hudanganya. Tofauti ni kwamba inadanganya kwa mwandiko mzuri.

Ukishajua chanzo chako, hakikisha utaruhusiwa kukifikia. Nchi nyingi hufunga nyaraka za serikali kwa miaka kadhaa. Uingereza, kwa mfano, ilikuwa na kanuni ya miaka 30, na tangu 2013 ilianza kuipunguza hatua kwa hatua hadi 20. Ukipanga kuhoji watu, utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo, na mara nyingi kibali cha utafiti cha nchi husika. Vibali hivyo hula miezi. Viweke kwenye ratiba tangu mwanzo, maana wanafunzi wengi huona muda wao unayeyuka hapo.

Asiye na nauli ya kufuata nyaraka za mbali hajafungiwa mlango. Mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, umepiga picha hati kutoka nchi nyingi na kuziweka mtandaoni bila malipo. Maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika mjini London, ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hazina ambayo bado inasubiri wasomaji wenye lugha hiyo vinywani mwao. Na kabla hujasoma makala ya kwanza, weka Zotero kwenye kompyuta yako. Ni programu ya bure ya kutunza marejeleo, na itakuepusha na kutafuta ukurasa wa nukuu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tasnifu.

Kuhusu muda, uzamili huchukua mwaka mmoja au miwili, ama kwa masomo ya darasani na tasnifu, ama kwa tasnifu peke yake. Anayelenga uzamivu ni vizuri aandike tasnifu ndefu kadiri programu inavyoruhusu, kwa kuwa kamati itataka kuona kama anaweza kushika hoja moja kwa kurasa nyingi. Uzamivu wa mtindo wa Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, na tasnifu huwa ya maneno 80,000 hadi 100,000. Marekani huanza na masomo na mitihani, kwa hiyo miaka mitano au zaidi ni kawaida.

Sasa msimamizi. Barua pepe inayosema "Shikamoo Profesa, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, naomba unisimamie" haijibiki, hata mpokeaji akiwa mpole kiasi gani, kwa sababu haimpi kitu cha kujibu. Iliyo nzuri ni fupi: nimesoma makala yako kuhusu jambo fulani; nina mkusanyo huu wa vyanzo; ninauliza swali hili; nimeambatisha kurasa mbili. Usitume barua moja kwa maprofesa ishirini. Wanajuana. Na ukipata jibu, zungumza pia na wanafunzi wake wa sasa. Waulize anarudisha sura baada ya muda gani. Jina kubwa lisilosoma rasimu zako litakuchelewesha kuliko mhadhiri kijana anayezisoma.

Ufadhili wa insia ni mchache kuliko wa sayansi, ila upo. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma lililoanzishwa mwaka 1925, hufadhili masomo Ujerumani na pia katika baadhi ya vyuo vya Afrika. Programu ya ufadhili wa masomo ya Jumuiya ya Madola ilikubaliwa mwaka 1959 na inaendelea hadi leo. Erasmus Mundus, programu ya Umoja wa Ulaya ya tangu 2004, humsomesha mtu uzamili katika vyuo vya nchi zaidi ya moja. CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti la Kiafrika lililoundwa mwaka 1973, limekuwa likitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu. Soma masharti kila mwaka, kwa sababu hubadilika. Uliza pia idarani kwenyewe: kazi za msaidizi wa kufundisha au wa utafiti kwenye mradi wa mhadhiri mara nyingi hazitangazwi kwa kelele.

Na baada ya shahada? Nafasi za uhadhiri ni chache kuliko wahitimu wa uzamivu, na anayemficha mwanafunzi jambo hilo hamtendei haki. Wahitimu wengine huingia kwenye makumbusho, hifadhi za nyaraka, uchapishaji, ukalimani, uandishi wa habari, mashirika ya kimataifa. Eneo linalokua kwa kasi ni teknolojia ya lugha. Mtandao wa watafiti wa Masakhane, ulioanza mwaka 2019, hujenga zana za kompyuta kwa lugha za Kiafrika, na kazi hiyo inahitaji watu wanaojua sarufi, lahaja na namna watu wanavyosema kweli, siyo wahandisi peke yao.

Jihadhari na majarida yanayokutumia barua pepe yenyewe, yakikusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa. Tathmini ya kweli ya wataalamu huchukua miezi na hurudi na maswali yanayouma. Makala iliyotoka kwenye jarida la aina hiyo itakuandama kwenye wasifu wako.

Anza maandalizi mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Wanaokuandikia barua za mapendekezo waombe mapema, angalau wiki sita, na uwape rasimu ya andiko lako pamoja na kazi mojawapo uliyowahi kuwaandikia. Mhadhiri aliyefundisha mamia ya wanafunzi hawezi kukumbuka insha yako ya mwaka wa pili. Ukimpa mkononi, ataandika barua yenye mambo mahususi, na kamati huitambua barua hiyo kwa aya ya kwanza tu.