Umahususi wa asilimia 99, kwa damu ya nani?

Kuna imani moja inayorudi kila mara: kipimo kimeandikwa "umahususi asilimia 99" (umahususi ni uwezo wa kuwapa hasi wasio na ugonjwa), kikitoa chanya ya IgM ya dengi, yaani kingamwili za mwanzo ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi hicho, basi mgonjwa ana dengi kwa uhakika wa asilimia 99. Naisikia kwa watu wa maabara, kwa wanaonunua vipimo, na kibaya zaidi, kwa wanaovitengeneza. Nimechoka kuijibu kwa sentensi mbili, kwa hiyo leo naijibu kwa urefu.

Hesabu kwanza, maana ndiyo nyepesi. Chukua watu 10,000 wenye homa, na 100 kati yao ndio wenye ugonjwa. Kipimo kina usikivu, yaani uwezo wa kuwanasa wagonjwa, wa asilimia 95 na umahususi wa asilimia 95. Kitawanasa wagonjwa 95, na kitawapa chanya watu 495 wasio na kitu. Chanya zote ni 590, za kweli ni kama 16 katika kila 100. Mlipuko ukipamba moto, wagonjwa wakafika 4,000 kati ya hao 10,000, chanya za kweli ni 3,800 na za uongo ni 300. Kipimo ni kilekile, sasa kinasifiwa.

Hilo liko vitabuni. Kinachoniudhi ni ile namba yenyewe. Umahususi hautoki kwenye kipimo peke yake. Unatoka pia kwenye seramu hasi, yaani maji ya damu ya wasio na ugonjwa, zilizotumika kukijaribu. Kusanya seramu za wachangia damu wenye afya, wanaoishi mahali pasipo na mbu aina ya Aedes wanaoeneza dengi, ambao hawajawahi kuchanjwa homa ya manjano, na 99 utaipata bila jasho. Peleka kipimo hichohicho kwa watu walioumwa dengi utotoni, waliochanjwa homa ya manjano, na wengine wana malaria siku hiyohiyo, uone namba inavyoporomoka.

Sababu inajulikana. Aina nne za dengi, zika, homa ya manjano, homa ya Nile Magharibi na homa ya ubongo ya Kijapani ni virusi vya ukoo mmoja, flavivirusi. Protini E inayovifunika kwa nje ina kitanzi kifupi, kuanzia takriban asidi amino ya 98 hadi ya 110, ambacho virusi hutumia kuungana na utando wa seli. Kitanzi hicho karibu hakibadiliki kutoka kirusi kimoja hadi kingine, na kingamwili nyingi za binadamu hukilenga hicho. Antijeni ya kipimo chako, yaani kipande cha kirusi kinachowekwa ili kingamwili zikishike, ikiwa nacho, kingamwili za zika zitaishika antijeni ya dengi, na kisima, kile kitundu cha sahani ya kipimo, kitatoa rangi kama kawaida. Unaweza kubadilisha asidi amino za nafasi ya 106 na 107 ili kitanzi kisishikike, inasaidia. Unaweza kutumia sehemu ya tatu ya E peke yake, ambayo inatofautiana zaidi, lakini binadamu hutengeneza kingamwili chache dhidi yake, kwa hiyo unachopata kwenye umahususi unakilipa kwenye usikivu. NS1, protini nyingine ya virusi hivi, ni afadhali, ila nayo si safi kabisa.

Basi paneli hasi ya kipimo cha dengi, yaani mkusanyiko wa seramu za wasio na dengi, iwe na seramu za watu waliothibitishwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kuwa na zika, zilizochukuliwa wiki ya pili, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu baada ya homa. Tia waliochanjwa homa ya manjano karibuni, wenye malaria, wenye chikungunya, na wenye sababu ya rumatoidi, kingamwili inayoshika kingamwili nyingine za mwili, ambayo huvuruga vipimo vya IgM. Seramu isiyo na tarehe ya kuanza homa usiiingize. Hutajua kama jibu lake ni kosa la kipimo au ni kosa la siku seramu ilipochukuliwa.

Sasa tuje kwenye sahani, kwa sababu hapa ndipo watu wanapobana matumizi pasipobanika. Katika ELISA, kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi, ile ya kunasa IgM, visima vimepakwa kingamwili za kukamata IgM ya binadamu. Unaweka seramu iliyozimuliwa 1:400, saa moja kwenye nyuzi 37. Visima vingine vya mgonjwa huyo vinapata antijeni ya virusi, vingine antijeni ya kawaida, yaani ile iliyoandaliwa vilevile bila virusi, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Kisha kingamwili yenye kimeng'enya, TMB (kemikali inayotoa rangi) dakika 10, asidi ya kuisimamisha, na kusoma kwenye nanomita 450. Wengi huviacha visima vya antijeni ya kawaida ili wapime wagonjwa wengi zaidi. Tuseme mgonjwa amesoma 0.90 na seramu hasi ya kulinganishia 0.20. Uwiano ni 4.5, umevuka mpaka wa 3, chanya! Lakini kwenye antijeni ya kawaida mgonjwa huyo angesoma 0.70. Tofauti haifiki hata mara mbili. Seramu yake inanata kwenye kila kitu, na jibu halifai kutolewa.

Na hiyo 3 haikushuka kutoka mbinguni. Mpaka huwekwa kwa kuangalia kosa lipi linaumiza zaidi. Chanjo ya Dengvaxia ilionekana kuwaongezea hatari ya dengi kali watu ambao hawajawahi kuugua, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watu wapimwe kwanza. Hapo chanya ya uongo inamchoma mtu sindano isiyomfaa, kwa hiyo mpaka lazima upande, hata kama usikivu utashuka.

Kuhusu siku, kwa haraka: PCR wiki ya kwanza, kwenye chupa ya EDTA, si ya heparini (zote mbili huzuia damu isigande), maana heparini huzuia mmenyuko. NS1 siku hizohizo, lakini kwa anayeugua dengi mara ya pili kingamwili za zamani huifunga NS1, na hasi haikuondolei shaka. IgM kuanzia siku ya nne au ya tano, na hudumu miezi, kwa hiyo chanya yake huenda ni ya homa ya msimu uliopita.

Watu hukimbilia PRNT, kipimo cha kuona seramu inavyozuia virusi hai kuambukiza seli, kama mahakama ya rufaa. Ni kipimo kizuri, kinachukua takriban wiki, na kinahitaji virusi hai na mikono iliyozoea. Lakini mtu aliyeugua dengi zamani akipata zika leo, mwili huamsha kwanza kumbukumbu ya dengi, na kiwango cha kingamwili za dengi kinaweza kuzidi cha zika. Ukisoma 1:640 kwa dengi na 1:320 kwa zika (yaani seramu iliyozimuliwa kiasi hicho bado inazuia virusi), hakuna anayeweza kusema kwa haki ni kipi kilichomwangusha safari hii, na wanaochagua namba kubwa wanabahatisha. Viwango vyote viwili vikifika 1:10 au zaidi, andika kwenye fomu: maambukizi ya flavivirusi, aina haikubainika. Daktari akikupigia simu kutaka jina moja, msomee tena mstari huohuo.