Wanamuungano wa Ayalandi Kaskazini na kanuni ya ridhaa

Katika siasa za Ayalandi Kaskazini, mwanamuungano ni yule anayetaka jimbo hilo libaki ndani ya Uingereza. Anayetaka kisiwa kizima kiwe nchi moja ndiye mpinzani wake. Wanamuungano wengi ni Waprotestanti, wazao wa walowezi waliotoka Scotland na England tangu mwanzoni mwa karne ya 17.

Ukiwauliza nani aliyekigawa kisiwa, watakwambia wao hawakujitoa Uingereza. Waliojitoa ni Waayalandi wengine, walioanzisha nchi yao yenye makao Dublin. Septemba 1912 watu karibu nusu milioni walitia saini kiapo cha kupinga Ayalandi kupewa serikali yake ya ndani mjini Dublin. Lakini mpaka uliokigawa kisiwa mwaka 1921 uliwatenga hata wao kwa wao. Ulster, eneo la kale la kaskazini mwa kisiwa, ina kaunti 9. Viongozi wao waliridhia kubaki na 6, kwa kuwa humo walikuwa na wingi usio na shaka. Wanamuungano wa Donegal, Cavan na Monaghan, nao wakiwa wamekula kiapo kilekile, wakaachwa upande wa pili. Ilikuwa hesabu baridi.

Tangu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, mkataba wa amani wa Ayalandi Kaskazini, wanaegemea ridhaa: jimbo halitoki Uingereza mpaka wapigakura wake walio wengi waamue hivyo. Shida ni kwamba wingi hubadilika, na wanaotaka Ayalandi moja wengi wao ni Wakatoliki. Sensa ya 2021 ilikuta wenye asili ya Kikatoliki ni asilimia 45.7, wa Kiprotestanti 43.5. Dini si kura, ieleweke. Wapo Wakatoliki wasiotaka mabadiliko, na chama cha Alliance hakijifungi upande wowote.

Sasa je, wakae wajadili masharti ya Ayalandi moja, au wasusie? Mwaka 2018 Peter Robinson, kiongozi wa zamani wa DUP, chama cha wanamuungano, alishauri wajiandae, akisema hata yeye hatarajii nyumba yake iungue lakini ameikatia bima. Wanamuungano wenzake walimjia juu. Kwao, kujadili bendera na pensheni za nchi mpya ni kukubali nusu ya jambo lenyewe. Mantiki ipo, ila masharti hayo yataandikwa na wengine. Moja limekwisha kuandikwa: mkataba wa 1998 unawahakikishia haki ya uraia wa Uingereza hata mamlaka yakihamia Dublin.