Miaka mitatu, mbu?

Shangazi yangu alikaa mwaka mzima akiniita daktari. Likizo moja nilikwenda kumsalimia, akanitolea kikaratasi cha kliniki: presha inapanda, zile dawa mbili azimeze pamoja au aachanishe? Ikabidi niseme ukweli. "Shangazi, mimi sisomei udaktari. Nasomea zuolojia. Nasoma mbu." Akanitazama weee. "Miaka mitatu, mbu?"

Mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya uzamili, na mpaka leo ni mbu wanaonilisha. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka napigiwa simu na wazazi wa watoto wa PCB, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Mtoto alitaka udaktari, alama hazikutosha, kapata botania au mikrobiolojia. Wanaongea kwa sauti ya waliofiwa. Na mtoto naye akiingia chuo akijiona kapanda basi lisilo lake, atakaa miaka yote anachungulia dirishani akitafuta kituo cha kushukia.

Nieleze kazi yenyewe. Nampokea Anopheles jike, mbu anayeeneza malaria, aliyenaswa usiku kijijini. Namlaza kwenye kioo cha hadubini, pembeni ya tone la maji. Sindano moja inashika kifua, nyingine inavuta ncha ya tumbo taratibu mpaka ovari mbili zitoke. Naziacha zikauke, kisha natazama mirija ya hewa iliyozitambaa. Ikiwa imejiviringa kama uzi kwenye kijiti, huyu hajawahi kutaga. Ikiwa imenyooka, ameshataga, na haijiviringi tena maishani mwake.

Faida yake nini? Kimelea cha malaria kikishaingia kwa mbu kinahitaji kama siku 10 hadi 14 kabla ya kufika kwenye tezi za mate, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo umri wa mbu ndio habari yenyewe. Ukikuta kijijini wengi hawajataga, yaani bado wachanga, huenda vyandarua vinawaua mapema. Huenda pia mvua imenyesha na mbu wapya wamefumuka. Ndiyo maana hatupimi mwezi mmoja tukatangaza ushindi.

Hayo sikuyapata kwenye ukumbi wa mihadhara. Niliyapata fildi, mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili, bonde la Kilombero. Wiki mbili za kwanza niliosha trei na kulisha viluwiluwi, nikawa nanuna: bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, limeisha, jua kali, na mimi naosha trei. Aliyenifundisha kupasua mbu alikuwa fundi wa maabara mwenye cheti tu, mikono yake haitetemeki hata kidogo. Thelathini wa kwanza niliwararua wote.

Kazi ziko wapi? Kwenye taasisi za serikali kuna utafiti wa magonjwa NIMR, wanyamapori TAWIRI, samaki TAFIRI. Kuna TMDA kwenye dawa na TBS kwenye vyakula. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima vinasaba. Viwanda vya bia na maziwa vinahitaji mtu wa kuhesabu bakteria, mamlaka za maji vilevile. Nafasi si nyingi, nisikudanganye, na wengi huanza kwa mikataba mifupi ya miradi.

Mtego mmoja unawaumiza vijana kila mwaka: shahada ya baiolojia haikupeleki maabara ya hospitali. Huko wanatakiwa waliosomea sayansi ya maabara ya tiba na kusajiliwa na baraza lao. Ukitaka kufundisha sekondari nako, ongeza stashahada ya uzamili ya elimu. Ulizia haya kabla ya kujaza fomu, si siku ya mahafali.

Halafu takwimu. Darasani kwetu lilikuwa somo la sapu, yaani mtihani wa marudio, watu wanalikimbia kama deni. Leo miradi inajaa watu wanaojua kukusanya mbu na inahangaika kumpata mmoja anayeweza kukaa na data za miezi 12 kwenye programu ya R akasema zina maana gani. Huyo mmoja mkataba wake haukatiki ovyo. Kama una semista moja ya kuchagua kozi za ziada, ipeleke huko.

Usaili wangu wa kwanza, GPA, wastani wa alama za chuo, hawakuigusa kabisa. Waliniwekea mbu watano, hadubini na sindano mbili, wakaniachia chumba. Wanne niliwasoma vizuri. Wa tano nikampasua ovari, mirija yote ikachanika. Pale kwenye fomu palikuwa na visanduku viwili tu, ametaga na hajataga. Nikaandika pembeni kwa peni: ameharibika.