Kwa nini neno la kigeni hukaa kichwani likija ndani ya hadithi?

Je, wajua kwamba neno la kigeni ulilolikariri jioni nzima linaweza kukutoka asubuhi yake, ilhali lile ulilokutana nalo hadithini, wala hukulikariri, likabaki?

Neno la kwenye orodha liko peke yake. La hadithini lina mwenyewe: kuna aliyelisema, kwa sababu fulani, na likafuatwa na jambo. Ukikumbuka tukio, neno nalo linakuja. Tena hadithi hurudia maneno yale yale bila kuchosha, maana msikilizaji akili yake iko kwenye kitakachotokea.

Chukua mbinu ya kufundisha lugha kwa hadithi iliyoanzishwa na Blaine Ray, aliyekuwa mwalimu wa Kihispania huko California. Mwalimu anasema: «El gato tiene hambre», yaani paka ana njaa. Halafu anauliza: «¿El gato tiene hambre?» Ndiyo. «¿El perro tiene hambre?» La, si mbwa, ni paka. «¿Quién tiene hambre?» Nani ana njaa? Dakika haijaisha, «tiene» limeshasikika mara kadhaa, na darasa linataka kujua kama paka atapata chochote. (Sisi tuna bahati hapa: Kihispania nacho husema mtu «ana» njaa, kama tusemavyo.)

Sharti ni moja: hadithi ieleweke. Mtaalamu wa lugha Stephen Krashen, Mmarekani, amelishikilia hili kwa miongo kadhaa, kwamba lugha hutuingia pale tunapoelewa tunachoambiwa. Hadithi isiyoeleweka ni kelele tu.

Na kusoma je? Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka Fiji. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vyenye picha, vipatavyo 250 kwa kila darasa, katika shule za vijijini ambako watoto walijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Baadhi walisoma kimyakimya. Wengine walisomewa na mwalimu, wakazungumzia hadithi pamoja. Wenzao wa shule nyingine waliendelea na mazoezi ya miundo ya sentensi. Watoto wa vitabu walipiga hatua katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ya takriban mara mbili, na mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye sarufi na uandishi. Sarufi, ambayo wao hawakuwa wakiisomea kwa mazoezi yale!

Kitabu kisiwe kigumu mno, lakini. Utafiti wa Hu na Paul Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili mtu afurahie hadithi bila msaada, anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Ndiyo maana vipo vitabu vilivyoandikwa kwa maneno machache kwa ajili ya wanafunzi, na mtu mzima asione haya kuvisoma. Fungua ukurasa, hesabu maneno usiyoyajua. Yakizidi mawili matatu katika mia, kiweke kando kwa sasa, uanze na chepesi zaidi.