Kizunguzungu kinachoanzia sikioni

Mama mmoja anayeuza mahindi Kibaigwa aliletwa kliniki kwangu hapa Dodoma akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, anapapasa sakafu kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, nikigeukia kulia kitandani nyumba yote inazunguka. Haifiki dakika, inatulia. Lakini hapo katikati nashikilia godoro kwa mikono miwili." Kituo alikoanzia walimwambia ni presha, akapewa vidonge. Nilipompima mimi, presha ilikuwa ya kawaida.

Neno "nikigeukia" ndilo lililonifanya nifikirie sikio.

Sehemu ya nje, ile tunayotoboa ndewe na kutundika hereni, kazi yake ni kukinga sauti na kuiingiza kwenye tundu la sentimita 2.5 hivi. Mwisho wa tundu kuna ngoma ya sikio, na nyuma yake vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 tu. Vifupa hivi vipo kwa sababu sikio la ndani limejaa maji, na sauti ya hewani ikigonga maji, sehemu kubwa hurudi ilikotoka. Kwa hiyo ngoma hukusanya nguvu kwenye eneo pana, kikuku kinaikandamiza kwenye kidirisha ambacho ni kidogo kuliko ngoma mara 17 hivi. Ndivyo msumari unavyopenya ubao: kichwa chake ni kipana, ncha ni ndogo.

Maji hayo yamo ndani ya koklea, mfereji uliojiviringa kama nyumba ya konokono. Nikiifundisha koklea hapa Dodoma hutumia ilimba ya Wagogo, ala yenye ndimi za chuma za kupigwa kwa vidole, maana kila mtu ameiona: ulimi mfupi hutoa sauti nyembamba, mrefu hutoa nzito. Koklea nayo imegawana hivyo. Mlangoni inaitikia sauti nyembamba, kileleni sauti nzito. Kazi yenyewe hufanywa na seli zenye vinywele, kama 15,000 kwa kila sikio, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Vijana wanaoshinda kwenye mashine za kusaga bila kuziba masikio, hili nawaambia kwa ukali. Za sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa, ndiyo maana mtu huja akilalamika, "Nasikia watu wanaongea, ila sielewi wanasema nini."

Sasa rudi kwa mama yetu. Jirani na koklea, ndani ya mfupa uleule, kuna mirija mitatu iliyopinda, kila mmoja umeelekea upande wake. Zungusha ndoo ya maji ghafla: ndoo inakwenda, maji yanachelewa. Kichwa kikigeuka, maji ya mrija huchelewa vivyo hivyo, yanalaza vinywele, na ubongo unajua umegeuka. Chini ya mirija kuna vifuko viwili vyenye chembe za chokaa zilizokaa juu ya utando kama jeli. Hizo ndizo zinazokujulisha chini ni wapi, au kwamba basi limefunga breki.

Mwaka 1861 Prosper Ménière, daktari wa Ufaransa, alieleza kwamba kizunguzungu kinaweza kutoka sikio la ndani. Baadaye Robert Bárány, daktari wa masikio, aligundua kwamba maji ya baridi yakiingizwa sikioni macho hucheza upande mmoja, ya moto hucheza upande mwingine. Alipewa Tuzo ya Nobel ya 1914. Mimi nikisafisha nta sikioni hupasha maji yafikie joto la mwili, la sivyo mgonjwa atayumba kitini.

Chembe za chokaa zikibanduka huweza kuangukia kwenye mrija. Hapo ukigeuka zinaburura maji, na ubongo unapokea habari ya mzunguko ambao haupo. Nilimkalisha mama kitandani, nikamgeuza kichwa kulia, nikamlaza haraka kichwa kikining'inia kidogo. Sekunde tatu, kimya. Kisha macho yakaanza kuruka, yakijizungusha. Alinikamata mkono kwa nguvu. Yalipotulia nikamgeuza kichwa kushoto, nikasubiri, nikamlaza ubavu akitazama sakafu, nikasubiri, nikamwinua. Mbinu hii ni ya John Epley, daktari wa masikio wa Marekani, haihitaji dawa, na inarudisha chembe kwenye kifuko chake.

Kizunguzungu chenye kupooza upande mmoja, ulimi mzito au kuona viwili si cha kusubiri kliniki ya masikio. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu vidonge, nilimtaka apimwe presha siku kadhaa kwanza ndipo tuamue. Nikamwambia pia kwamba chembe huweza kubanduka tena, akiona hivyo arudi. Alilala upande wa kulia mwenyewe, akasubiri, akatazama dari. Kisha akamwambia mwanawe amwachie mkono.