Rumeti Si Lazima Awe Rafiki: Dhana Potofu Kuhusu Maisha ya Hosteli za Chuo

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana wa mwaka wa kwanza huingia Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwa na masanduku, ndoo, na mawaidha mengi kutoka kwa kaka na dada waliowatangulia. Mawaidha kuhusu masomo huwa na manufaa. Yale yanayohusu urafiki wa hostelini aghalabu hupotosha, na huwafanya wengi wajione wameshindwa kabla hata mwezi wa kwanza haujaisha.

Dhana iliyozagaa kuliko zote ni kwamba rumeti, yaani mwenzako wa chumba, ndiye rafiki wa kwanza, na kwamba asipokuwa rafiki basi chumba kimeharibika. Ukweli ni kwamba rumeti ni mtu uliyepangiwa na ofisi, na kinachohitajika kati yenu kwanza ni mapatano: taa izimwe saa ngapi, mgeni akae hadi wakati gani, nani afagie siku ipi. Watu wawili wanaoyaheshimu mapatano hayo wanaweza kumaliza mwaka kwa amani, huku kila mmoja akiwa na marafiki zake kwingine. Jambo hili huwa zito zaidi panapokuwa na kubebana, yaani ile desturi, isiyoruhusiwa na taratibu za malazi, ya aliyepata kitanda kumgawia aliyekosa. Wengi huichukulia kuwa kipimo cha urafiki wa kweli, lakini kwa maoni yangu hupima zaidi subira ya yule anayelala kitanda cha juu cha dabodeka, ambaye mara nyingi hakuulizwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba marafiki ni fungu la wachangamfu, na kwamba mpole atabaki peke yake. Mwaka 1950, wanasaikolojia Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti walioufanya katika nyumba za familia za wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Waliona kwamba asilimia 41 ya majirani wa mlango kwa mlango walitajwa kuwa marafiki wa karibu, ilhali kwa walioishi ncha mbili za ghorofa moja ilikuwa asilimia 10 tu, ingawa umbali kati yao haukuwa mkubwa. Waliokaa karibu na ngazi, ambako watu walipita kila siku, walifahamiana zaidi na wakazi wa ghorofa ya juu. Kwa hiyo, njia wanazopita watu zina uzito mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jambo hili linamhusu moja kwa moja anayepangiwa Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa mwezi Aprili 2017 zikiwa na majengo 20 na nafasi za wanafunzi 3,840. Umati wa namna hiyo humtisha mtu yeyote, lakini hakuna anayeishi na umati: tunaishi na watu wa korido moja, wa bomba moja na wa kamba moja ya kuanikia nguo. Mpole anayefua kila Jumamosi asubuhi saa ile ile, anayeacha mlango wake wazi jioni, na anayeazima pasi na kuirudisha kwa wakati, atakutana na sura zile zile mpaka salamu igeuke mazungumzo.

Kuhusu imani kwamba asiyepata marafiki wiki ya kwanza amechelewa, jibu ni fupi. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Wiki moja haitoshi.

Ushauri mwingine husema, kaa na watu wa kwenu ndio watakaokufaa. Hakuna ubaya kuwatafuta watu wa mkoa wako, hasa unapougua au bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linapochelewa. Kosa ni kuishia hapo. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, watafiti walifuatilia wanafunzi waliopangiwa vyumba bila kuchagua, wakakuta kwamba Wazungu waliolala chumba kimoja na wenzao wa rangi nyingine walipunguza fikra za kibaguzi, na matokeo ya masomo ya wanafunzi Weusi katika vyumba vya mchanganyiko yalipanda.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari ni ile isemayo kwamba utani wa bwenini haumuumizi mtu. Mlimani inalo fundisho chungu: kwa miaka mingi palikuwa na mabango ya ukutani yaliyoitwa Punch, yasiyo na jina la mwandishi, yaliyowadhalilisha hasa wanafunzi wa kike. Mwaka 1990 msichana mmoja aliyesumbuliwa alijitoa uhai, na kifo chake kiliwaamsha watetezi wa haki za wanawake, wakiwamo TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania. Leo bango limehamia kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayelengwa hana wajibu wa kucheka ili akubalike. Anayo haki ya kwenda kwa mshauri wa wanafunzi, na rafiki wa kweli humsindikiza.

Hatimaye, husemwa kwamba kujaribu mambo mapya chuoni ni kwa wenye fedha: matembezi ya ufukweni na kumbi za starehe. Historia ya Mlimani inaonyesha vingine. Mwaka 1967, wanafunzi wa Mlimani kutoka nchi mbalimbali waliunda USARF, kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, wakawa wanakutana Jumapili kusoma na kubishana, mwanahistoria Walter Rodney akiwa miongoni mwa walioshiriki. Baadhi yao walifika hadi maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo. Leo mihadhara ya wazi hufanyika Ukumbi wa Nkrumah, na kutoka hostelini hadi pale ni mwendo wa miguu, ambao jirani wa korido akigongewa mlango anaweza kukubali kuutembea pamoja nawe.